Mifuko ya Musumba

Kolwezi, 11 Februari 2024

Yaya Domitille, dada yangu mukubwa,

Mimi ni mzima, nyumba ni nzima, pesa ndiyo inaumwa. Ningekupigia simu, lakini simu yako haishiki mtandao mpaka upande juu ya kichuguu cha nyuma ya kanisa, na maneno haya si ya kupigia kelele juu ya kichuguu. Tshiamala wa lori atakupa barua hii pamoja na mifuko mitupu ishirini. Yeye umpe maneno mazuri tu, pesa yake nimemlipa huku.

Habari ni ya mutoto wako, binti yangu Tatiana. Amekataa kula.

Usishtuke. Anakula, ila si chakula changu. Mwezi uliopita watu wa afya walikuja kuongea na vijana kwenye ukumbi wa parokia, na yeye akarudi nyumbani na sheria. Mboga za bonde letu hapana, kwa sababu ya maji yanayoshuka kutoka machimboni. Samaki wa hapa hapana. Maji ya kisima hapana, hata yakichemshwa, eti sumu ya mawe haifi kwa moto. Unga wa mahindi unaosagwa kando ya barabara hapana, malori yanaurushia vumbi. Nikamuuliza: "Na hewa je, utaacha kuvuta?" Akaniangalia kama vile mimi ndiye niliye na miaka kumi na sita.

Sasa sikiliza anachokula. Maji ya chupa, katoni mbili kwa wiki, franka elfu tisa kila katoni. Mchele wa pakiti kutoka ng'ambo. Sadini za kopo, tatu kwa wiki. Matofaa ya Afrika Kusini, elfu moja tofaa moja, na tofaa lenyewe si kubwa kuliko ngumi ya mtoto. Uji wa kopo wenye picha ya mzungu. Nimejumlisha mara mbili nikidhani nimekosea: elfu mia moja sabini na sita kwa mwezi. Zamani mimi na yeye tulikula kwa elfu tisini, wawili, na mgeni akija anashiba. Mdomo mmoja sasa unakula karibu mara mbili ya midomo miwili.

Na pesa hiyo inatoka wapi? Inatoka kwenye lenga-lenga, mchicha wangu wa bondeni. Fungu franka mia tano. Lazima niuze mafungu mia tatu hamsini na mawili ya mboga ambayo yeye hataki hata kuigusa, ndipo yeye ale.

Wewe unajua nilivyoanza. Beseni moja kichwani, la kuazima. Leo nina matuta ishirini na manne kule bondeni, na nyumba ya matofali ya kuchoma, na bati lisilovuja. Hakuna mwanaume aliyenipa hata msumari. Mume wangu Stany amekuwa mtu wa Tenke kabisa. Tangu tulipomzika mutoto wetu Gael mwaka jana, alirudi kwenye kazi yake ya reli na huko amebaki. Mara anatuma elfu hamsini, mara anatuma salamu.

Nitakwambia jambo ambalo sijamwambia mtu. Najua Tatiana anachofikiri. Hasemi, lakini kila anaposukuma sahani yangu, nasikia anachosema. Gael alianza kula akiwa na miezi sita, na nilimsagia lenga-lenga zangu mwenyewe kwenye uji. Alipofika tisa tukamzika. Madaktari walisema amezaliwa na moyo dhaifu, kisha wakasema damu, kisha wakaacha kusema. Mimi sikuuliza tena. Sasa huyu mutoto anauliza kila siku, mchana na jioni, bila kufungua mdomo.

Napika sufuria mbili. Yeye anachukua yake anaenda chumbani. Mimi nakaa mezani na lenga-lenga zangu na ninazimaliza, hata kama sina njaa. Mtu lazima azimalize.

Kwa hiyo naomba. Kwenu hakuna mgodi, hakuna lori la mawe, hakuna kitu, hata barabara hakuna. Udongo wenu hata yeye hawezi kuuhukumu. Nitumie unga wa muhogo na maharage, nami nitalipa usafiri. Mifuko ni hiyo, ina nguvu, usinunue mingine.

Mudogo wako,
Huguette

*

Musumba, 9 Machi 2024

Mudogo wangu Huguette,

Barua yako nilisomewa na mwalimu, kisha nikaisoma tena mwenyewe polepole, kwa sababu mwalimu anasoma mbio kama anafukuzwa. Kwenye hesabu zako alipumzika mara mbili.

Nakutumia mifuko mitatu ya unga na mmoja wa maharage. Muhogo ni wa shamba lile la upande wa mto, ulilolima na mimi ukiwa na mimba ya Tatiana, ukitapika kila tuta. Kumbe unapenda matuta tangu zamani. Unga hauna bei. Ukinitumia pesa ya unga nitairudisha na Tshiamala, naye ataila njiani, basi tutakuwa tumemnenepesha Tshiamala.

Mifuko yako kweli ina nguvu. Ya kwetu huku ikibeba mara moja inafunguka chini. Umeitoa wapi?

Nimefikiri juu ya mutoto. Ulipokuwa mdogo ulikataa nyama ya mbuzi mwaka mzima kwa sababu tulimchinja yule mbuzi mweupe uliyemzoea. Mama hakukulazimisha. Siku moja ulikula tu. Nakumbuka ulikula ukiwa umekaa karibu na mama.

Je, umemuuliza Tatiana anaogopa nini? Si anafikiri nini. Anaogopa nini.

Yaya wako,
Domitille

*

Kolwezi, 7 Aprili 2024

Yaya,

Amekula!

Acha nikupangie vizuri. Tshiamala alifika akiwa na matope mpaka masikioni, siku kumi na moja njiani, lori lilizama mara mbili. Unga haukulowa. Nikapika bukari, ugali wa muhogo, vile tunavyopika kwetu, nzito, inayovutika, na maharage yako na chumvi tu. Nikaita.

"Iko bukari ya nini?"

"Ya muhogo. Ya kwa mama mukubwa, Musumba."

"Bongo."

"Mi nakudanganya? Njo yenyewe. Kuja uone mufuko."

Akaja. Mfuko ulikuwa pembeni ya mlango. Aliinama, akaingiza mkono mdomoni mwa mfuko, akapapasa mshono, akaangalia vidole vyake muda mrefu kama mtu anayesoma. Nikamwambia, "Unatafuta nini, almasi?" Akafuta vidole kwenye kitenge. Mimi nilikuwa nimeshakaa, nimenawa, nimemega tonge la kwanza na nimelishika tu, nikingoja. Akaniangalia. Akanawa. Akakaa mbele yangu.

Yaya, alikula. Polepole, lakini alikula mpaka akafuta sahani. Mimi sikusema neno, niliogopa nikisema atakumbuka kwamba anakula na mimi. Mara ya mwisho tulipokaa mezani pamoja, Gael alikuwa mgongoni mwangu.

Unauliza mifuko nilikoitoa. Hapo ndipo utajua kwamba mudogo wako hakusoma sana lakini hajalala. Mfuko mpya hapa ni franka elfu mbili. Kule machimboni Mutoshi, vijana wanaochimba wakishauza mawe yao, mifuko wanaitupa au wanaiuza mia tatu. Mia tatu! Mimi naichukua, naiosha pale kijitoni na sabuni ya unga mpaka maji yatoke meupe, naianika siku mbili. Kwa ile ishirini niliyokutumia nimeokoa elfu thelathini na nne. Natumia hiyo hiyo tangu nilipojenga nyumba, unga wetu wote umekaa humo. Wenzangu sokoni wananiita Mama Mifuko. Waniite.

Nimeuliza swali lako, kwa njia yangu. Nilimwambia, "Tatiana, unaogopa nini?" Akajibu, "Siogopi kitu." Nikasema, "Basi kula mboga zangu." Akasema, "Mama, Gael alikula."

Nikampiga kofi. Ndiyo hivyo, nakuandikia kama ilivyokuwa. Hakulia, akaenda kuosha sahani. Nilisikia maji yakimwagika muda mrefu kuliko sahani mbili.

Lakini jioni yake alikula tena bukari yako. Basi nitumie nyingine. Katoni za maji zimepungua mpaka moja kwa wiki, sadini nimefuta. Tukienda hivi, mwezi huu nitashuka chini ya laki moja.

Huguette

*

Kolwezi, 26 Mei 2024

Yaya,

Mifuko mitano imefika, asante. Asali pia, ingawa Tshiamala aliionja. Kifuniko kilikuwa na alama ya dole lake.

Leo nakuandikia nikiwa na hasira na sijui hasira hiyo niiweke wapi. Unamkumbuka Mbelu, jirani yangu, tulikuwa tunabeba beseni pamoja? Ana mimba ya miezi sita, baada ya miaka minane ya kungoja. Kituo cha afya kimemwambia damu yake ni kidogo, ale mboga za majani. Akaja mezani kwangu sokoni, anacheka, tumbo mbele.

"Mama Mifuko, nipe mafungu matatu, na lile moja la juu la zawadi."

Yaya, mkono wangu ulikataa. Lenga-lenga zipo mbele yake, mbichi, zina maji bado. Nikasema, "Zimeisha."

"Zimeisha namna gani, na hizi ni nini, majani ya mapambo?"

"Ni za mtu. Amelipa."

"Nani amelipa meza nzima?"

Nikainama kupanga mafungu. Akanitazama kama nimemtukana tumbo lake. Akaenda meza ya pili akanunua, na zile za meza ya pili zinatoka bonde lile lile, tuta linagusana na langu. Tangu siku hiyo anapita upande mwingine wa barabara. Miaka kumi na tano ya urafiki, nimeipoteza kwa mafungu matatu, na sikumwokoa na kitu chochote.

Nilirudi nyumbani nikamweleza Tatiana, nikidhani atafurahi. Nilidhani atasema, mama umeelewa. Akasema tu, "Na wale wengine, mama, uliwauzia?" Niliwauzia. Ningefanya nini? Ada yake ya shule inatoka wapi? Yeye akasema, "Unauza ile kusudi mi nikule hii." Si swali. Alisema kama mtu anayesoma bei ukutani.

Huyu mutoto amerithi hesabu zangu, na sasa ananihesabia mimi.

Tunakula pamoja, ndiyo. Jioni zote. Lakini anakula kama mtu anayetimiza kazi, na akimaliza ananiangalia nimalize. Sijui ananichunga au ananihukumu. Nyumba ina watu wawili na ninasikia saa ya ukutani.

Huguette

*

Kolwezi, 16 Juni 2024

Kwa Mama mukubwa Domitille,

Hii ni barua yangu mimi, Tatiana. Mama hajui. Nimempa Tshiamala mwenyewe pale anapopakia, na nimemwomba asiitaje. Amesema hatataja nikimpa tofaa. Nimempa.

Asante kwa unga na maharage na asali. Kuna jambo moja juu ya mifuko.

Ni mifuko iliyobeba mawe ya kobalti. Mama anaiosha, lakini lile vumbi jeusi la mawe halitoki kwenye mshono. Siku ya kwanza nilipapasa nikaona vidole vyangu vimekuwa vyeusi. Sehemu nyingine bado ina herufi nyekundu za wale wanaonunua mawe. Sasa unga wako mzuri unatoka mbali hivyo, unasafiri siku nyingi umekaa ndani ya kitu kile kile ninachokikimbia.

Najua utauliza kwa nini nilikula. Mama alikuwa amekaa. Alikuwa amemega tonge, ameshika, hali, ananingoja. Tangu Gael aondoke, mama hakai na mimi. Anakula huku amesimama, au anakula peke yake na ananitazama mlangoni kama nimemwibia. Siku hiyo alinawa mikono na akangoja. Nikafikiri, nikikataa na hii, hakutakuwa tena na kitu duniani ninachoweza kula kutoka mkononi mwa mama. Basi nikala. Na ninakula kila jioni. Ninapepeta unga juu kabla hajapika, ninatupa ule unaogusa mshono. Najua haitoshi.

Mama anafikiri namhukumu juu ya Gael. Simhukumu. Ile siku nilisema "Gael alikula", nilitaka kusema kwamba naogopa, ikatoka vile. Mama mukubwa, nyumba hii ilikuwa na watu wanne. Tata yuko Tenke na hatarudi, mama tu ndiye anayeosha mashati yake aliyoyaacha. Gael yuko makaburini. Nikiondoka na mimi, mama atabaki na sahani moja. Ndiyo sababu sitaki kula vibaya. Sitaki kufa kabla yake. Ni hiyo tu, lakini siwezi kumwambia, nikianza natoa maneno mengine.

Utasema, basi mwambie habari ya mifuko. Siwezi. Unamjua mama, atahesabu. Atahesabu tangu lini anatumia mifuko hiyo, na ni unga gani ulikaa ndani, na atafika kwenye uji wa Gael. Hakuna anayejua kama ni hiyo, au mboga, au maji, au ni moyo tu kama walivyosema mwanzo. Lakini mama akishafika pale, atabaki pale.

Naomba unitumie unga kwenye mifuko mingine. Tafuta sababu yako. Usinitaje.

Mutoto wako,
Tatiana

*

Musumba, 28 Julai 2024

Mudogo wangu Huguette,

Huku ni baridi asubuhi, kuku hawataki kutoka.

Nakutumia mifuko sita. Utaona ni mipya. Ile yako iliyobaki imeliwa na panya. Mwaka huu tuna panya wabaya sana, mwalimu anasema ni kwa sababu ya ukame. Wameila yote, usinitumie mingine ya namna ile, wataila pia. Wameizoea.

Mifuko hii mipya nimeipata kwa bei nzuri, kwa hiyo usinitumie pesa.

Umeniambia hujui kama mutoto anakuchunga au anakuhukumu. Mimi ni mtu wa muhogo, sina akili ya mambo mengi, lakini mtu anayekuhukumu hangoji umalize sahani yako. Mtazame anapokuangalia. Usimtazame mdomo, mtazame macho.

Mbelu mpelekee maharage yangu. Maharage yana damu pia. Usimweleze kitu, mpelekee tu na ukae kidogo.

Yaya wako,
Domitille

*

Kolwezi, 6 Oktoba 2024

Yaya,

Mvua ya kwanza imenyesha jana. Nimechelewa kukuandikia kwa sababu kila nikianza nilikuwa nachana.

Wewe hujui kudanganya, tangu utoto. Ulipovunja chungu cha mama ulisema ni upepo, na hakukuwa na upepo. Sikiliza. Nilikutumia mifuko ishirini. Minne ilirudi Machi, mitano ikarudi Mei. Imebaki kumi na mmoja. Panya wako wamekula mifuko kumi na mmoja mitupu, ndani ya nyumba iliyojaa muhogo na maharage, na hawakugusa hata punje. Panya gani hao, wana ada ya shule? Na mfuko mpya Musumba haupungui elfu mbili na mia tano, kwa sababu unatoka huku huku kwetu kwa lori la Tshiamala. Mifuko sita ni elfu kumi na tano. Nimemuuliza Tshiamala umeuza nini. Alikataa kusema, kisha akasema. Umeuza mbuzi wako jike.

Mtu hauzi mbuzi jike kwa sababu ya panya.

Nilichukua mfuko mmoja wa zamani uliokuwa bado jikoni, nikautoa nje kwenye mwanga, nikaugeuza ndani nje. Nilikuwa sijawahi kuugeuza, yaya. Miaka yote nauosha, naangalia maji yakitoka meupe, sikuwahi kugeuza mshono. Nikapitisha kidole.

Nilikaa pale kwenye ngazi ya nyumba. Nikamkumbuka Tatiana anavyopapasa, anavyoangalia vidole vyake, nami namcheka juu ya almasi. Alijua. Siku ya kwanza alijua. Akanawa mikono, akakaa, akala, kwa sababu mimi nilikuwa nimekaa. Na mimi nilikuwa nahesabu nimeokoa ngapi.

Kisha nikahesabu kile kingine. Unajua ni kipi. Nimehesabu, nimefika, nimekaa huko siku nyingi. Sitakuandikia zaidi juu ya hiyo. Hakuna daktari aliyesema, na hakuna atakayesema sasa. Nilikwenda makaburini nikang'oa majani, nikarudi kupika, kwa sababu kulikuwa na mtu wa kupikiwa.

Barua yake kwako sijaiona na sitaki kuiona. Kwamba ipo, hilo nalijua, maana Tshiamala alitoa na habari ya tofaa bila kuulizwa. Usimwambie kwamba najua. Anafikiri ananificha kitu kizito, na amekibeba vizuri. Nikikichukua mkononi mwake ataona kwamba kimenifikia. Acha abebe, na mimi nibebe changu, tukae meza moja.

Bondeni nimeacha matuta kumi na mawili, yale ya karibu na kijito. Majani yameanza kuota juu. Mengine kumi na mawili bado nalima, sitakudanganya, sijajua kuishi kwa hewa. Lakini nimeanza kuuza maharage yako sokoni, na unga, kwa vikombe, na wateja wanauliza ni wa wapi. Nikisema Musumba wanaongeza kikombe. Kwa hiyo safari hii utapokea pesa ya unga, na ukiirudisha tutagombana kweli. Nunua mbuzi.

Mbelu amejifungua. Msichana, mzito, sauti kama king'ora. Nilipeleka maharage, nikakaa kidogo kama ulivyosema. Hakusema kitu juu ya sokoni. Alinipa mtoto nimshike na mimi nikamshika.

Ule mfuko wa zamani nimeujaza mchanga na nimeuweka mlangoni, maji ya mvua yasiingie.

Jana jioni nilifungua mfuko wako mpya wa mwisho. Tatiana alipita karibu, akajifanya anatafuta kijiko, akapapasa mshono kwa nyuma, haraka. Nilimwona kwenye kioo cha kabati. Aliangalia vidole vyake, vilikuwa na unga mweupe tu. Akavuta kiti, akakisogeza upande wangu wa meza, si ule wa mbele.

"Mama, ongeza kidogo."

"Utaweza kumaliza?"

"Tutamaliza."

Nikaongeza.

Pamoja na barua hii Tshiamala anakuletea mifuko mipya kumi na mmoja. Bei yake sikuiandika mahali popote.

Mudogo wako,
Huguette